Kampuni ikiandika "sera za uhasibu ni zile zile za mwaka jana" kwenye hesabu za nusu mwaka, inamaanisha nini hasa?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina hisa kidogo za kampuni moja pale Soko la Hisa Dar, jina naliacha, nimezinunua polepole kila nikibakiza kitu kwenye mshahara, kwa hiyo kila wakitoa hesabu mi nazisoma kweli kweli maana ile ndio ada ya mwanangu. Juzi wametoa za miezi sita iliyoishia 30 Juni, kurasa nne tu. Nimekaa nazo na kalamu toka magharibi mpaka wenzangu wamelala na kuna vitu vitatu vimenigomea.

Cha kwanza, kwenye maelezo wameweka sentensi moja kwamba sera za uhasibu zilizotumika ni zile zile za taarifa za mwaka uliopita, basi, wakati ripoti ya mwaka sera peke yake zinakula kurasa na kurasa. Hii inaruhusiwa au wananificha kitu? Cha pili, mizania, yaani ile orodha ya mali na madeni, wameilinganisha na 31 Desemba lakini faida wameilinganisha na Juni ya mwaka jana, nikahisi wanachagua tarehe inayowapendeza. Cha tatu kodi. Faida kabla ya kodi ni bilioni 4, kodi wameweka bilioni 1.32, mimi nikipiga 30% napata 1.2. Hiyo milioni 120 imetoka wapi? Naombeni mnieleweshe taratibu, uhasibu niliishia kidato cha pili kwenye bookkeeping.

Daftari Kuu

Mwalimu shikamoo, maswali yako yote matatu ni ya msingi na wahasibu wengi tu wangejikanyaga kuyajibu, ngoja nijaribu.

Hesabu za katikati ya mwaka zina kiwango chake cha kimataifa, kinaitwa IAS 34, kimeanza kutumika 1999, na sisi Tanzania NBAA, ile bodi ya wahasibu, walishatuingiza kwenye hivi viwango vya kimataifa tangu Julai 2004. Hicho kiwango kinairuhusu kampuni kutoa taarifa iliyofupishwa, yaani mizania, faida na hasara, mabadiliko ya mtaji, mtiririko wa fedha na maelezo machache yaliyochaguliwa. Wazo lake ni kwamba wewe msomaji tayari ripoti ya mwisho ya mwaka unayo mkononi, hawana haja ya kukurudishia yote. Kwa hiyo ile sentensi moja inaruhusiwa kabisa, na ni ahadi nzito kuliko inavyoonekana, maana ukishaiandika umesema namna ya kuhesabu mauzo, uchakavu wa mitambo, stoki, madeni yasiyolipika, vyote ni kama Desemba. Ukibadilisha hata kimoja lazima useme umebadilisha nini na kimeathiri nini. Sasa kosa tunalolifanya wengi ni kusoma zile kurasa nne peke yake. Fungua ripoti ya mwaka pembeni, zisome pamoja.

Tarehe hawajachagua wao. Mizania ni picha ya siku moja, kwa hiyo unaipima na picha ya mwisho iliyokaguliwa, ya 31 Desemba. Faida ni safari ya miezi sita, huwezi kuipima na safari ya miezi kumi na mbili, unaipima na miezi sita ile ile ya mwaka jana. Mtiririko wa fedha nao ni hivyo hivyo.

Kodi sasa. Hapa watu huwa wanachanganya na zile awamu nne za kodi ya makadirio tunazolipa TRA, hizo ni hela zinazotoka, hii ni gharama inayoandikwa kwenye vitabu. Kiwango kinasema kadiria mwaka mzima utakuwaje, upate asilimia ya kodi ya mwaka, halafu itumie hiyo kwenye faida ya nusu mwaka. Tuseme wanatarajia faida ya bilioni 10 mwaka mzima, ila ndani yake kuna gharama za bilioni 1 ambazo sheria ya kodi haizikubali. Kodi itapigwa kwenye 11 sio 10, 30% yake ni 3.3, ukiigawa kwa 10 unapata 33%. Chukua 33% ya bilioni 4 uone. Inakuja 1.32 kamili. Sijasema ndicho kilichotokea kwao, nakuonyesha tu kwamba asilimia kuzidi 30 sio lazima iwe wizi. Waulize.

Fundi Stoo

Naongezea kidogo. Kiwanda nilichowahi kufanya kazi tulikuwa na matengenezo makubwa ya mitambo kila Oktoba, tunazima wiki mbili nzima, na ile gharama tulikuwa tunaigawa kwa miezi 12 ili kila robo ibebe kipande chake na faida isirukeruke. Kwa hiyo mwalimu hata kwenye hizo hesabu za Juni utakuta humo ndani kuna gharama za baadaye.

Daftari Kuu

Fundi hapo hapana kaka, naomba tusimpeleke mwalimu njia isiyo yake. Kugawa hivyo kwenye ripoti za ndani za meneja ni sawa, meneja anataka kuona bajeti yake ilivyokaa, ila kwenye hesabu zinazotoka nje kwa wanahisa hairuhusiwi. Juni 30 mtambo haujafunguliwa hata nati moja, fundi hajaitwa, hakuna anayekudai, kwa hiyo hakuna gharama ya kuandika. Ni sawa na matangazo ya mwisho wa mwaka au mashine ambayo bado ipo kwenye mpango tu, huwezi kuanza kuikatia uchakavu. Hata bonasi ya wafanyakazi unaiandika Juni pale tu ambapo mkataba au mazoea ya kampuni yameshakufunga na unaweza kuikadiria. Na upande wa mapato ni hivyo hivyo, hoteli ya kitalii ambayo watu wanajaa Julai na Agosti haiwezi kuyavuta mapato ya Agosti iyaweke Juni ili ionekane nzuri. Inatakiwa ieleze kwamba biashara yake ina msimu. Ndio maana faida ya nusu ya kwanza ukiizidisha mara mbili ukasema hiyo ndio ya mwaka unaweza kuumia sana.

Fundi Stoo

Nimekupata. Kweli zile zilikuwa ripoti za ndani, za kutoka nje zilikuwa zinaandaliwa makao makuu sisi hatuzioni.

Majani Chai

Salamu kutoka Kericho. Huku kwetu hii mambo ya msimu tunaijua vizuri, mvua ikichelewa hakuna majani na hesabu ya nusu mwaka inakaa vibaya hata kama kampuni iko sawa. Na kwa chai kuna kitu kingine, tangu 2016 ule mchai wenyewe unahesabiwa kama mtambo, unakatiwa uchakavu, lakini majani yaliyo juu ya mchai bado yanapimwa kwa bei ya soko kutoa gharama za kuuza. Kwa hivyo mwisho wa miezi sita lazima mtu akadirie upya majani yaliyo shambani siku hiyo ni ya pesa ngapi. Sera ni ile ile, haijaguswa, lakini kadirio limebadilika na faida imebadilika nayo. Hiyo ndiyo watu hawaoni wakisoma "sera ni zile zile."

Halafu mwalimu angalia mwaka wa kampuni unaisha lini. Safaricom wanafunga Machi, nusu mwaka yao ni Septemba, EABL wale wa bia wanafunga Juni. Ukizilinganisha na ya Juni ya kampuni inayofunga Desemba unachanganya miezi tofauti.

Daftari Kuu

Majani Chai umepiga penyewe kabisa, sera na makadirio ni vitu viwili. Benki ni mfano mwingine, tangu 2018 zinatakiwa kutenga hela kwa hasara inayotarajiwa, hazisubiri mkopo uwe chechefu, yaani ushindwe kulipika, kwanza, kwa hiyo kila robo mwaka wanapochapisha gazetini kuna makadirio mapya humo ndani. Na hesabu za Juni zinategemea makadirio kuliko za Desemba, tena mara nyingi hazijakaguliwa, lile neno limeandikwa juu pale, lisirukwe.

Na sera yenyewe ikibadilika utaiona. Juni 2019 kampuni nyingi gharama ya pango karibu iondoke yote, badala yake uchakavu na riba vikapanda na mizania ikajaa madeni mapya, maana IFRS 16, kiwango kinachotaka pango la muda mrefu liandikwe kama mali na deni, ilianza 1 Januari mwaka ule. Nyingi hazikurekebisha namba za 2018, kwa hiyo aliyelinganisha safu mbili bila kusoma maelezo alidhani menejimenti imebana matumizi.

Mwalimu wa Zamu

Mungu awabariki sana. Nimefungua ripoti ya mwaka jana sasa hivi, nimekaa nazo pembeni kama mlivyosema. Kwenye maelezo ya kodi kuna mstari wa gharama zisizokubalika kikodi, na mwaka jana mzima kodi yao ilikuwa 32.6% ya faida, kwa hiyo hii 33 sio ya ajabu. Ila nimeona kingine, stoki Juni wameishusha thamani milioni 340 kwa sababu mzigo umeharibika, na Desemba hakukuwa na kitu kama hicho. Hii wakiuza vizuri baadaye inaweza kurudi?

Daftari Kuu

Stoki inaweza, thamani ya kuuzia ikipanda wanairudisha kwenye hesabu zinazofuata. Isiyorudi ni hasara ya jina jema la biashara (goodwill) walilolipia walipoinunua kampuni nyingine, hiyo ukishaikata Juni hata Desemba hairudi. Ila wewe wamesema mzigo umeharibika, sio bei imeshuka. Mkutano mkuu ukifika simama uwaulize ni mzigo gani na ulikuwa ghala lipi.