Naomba ushauri: washiriki walijibu haraka zaidi penye kelele, je, niuamini muda wa mwitikio?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Ninafanya utafiti mdogo wa saikolojia ya majaribio na nimekwama kwenye uchanganuzi. Washiriki 20 walikaa mbele ya kompyuta, na kila mshale ulipotokea walibonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia kulingana na unakoelekea, zamu 100 katika ukimya kwanza, kisha zamu 100 wakisikilizishwa kelele. Nilitarajia kelele iwacheleweshe, lakini wastani wa muda wa mwitikio, yaani muda kutoka mshale kutokea hadi kitufe kubonyezwa, umeshuka kutoka milisekunde 430 hadi 395, huku makosa yakipanda kutoka asilimia 2 hadi 8. Msimamizi wangu amerudisha rasimu akiwa ameandika pembeni neno moja tu: "Makosa?" Aidha, zipo zamu za milisekunde 60, na moja ya 4,870 ambayo naikumbuka vizuri, kwa sababu mshiriki alipiga chafya katikati ya zamu. Je, nizifute? Na je, ni halali kuandika kwamba kelele huharakisha uamuzi?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, hapana, usiandike hivyo. Kasi na usahihi huvutana: mtu akilegeza uangalifu hujibu upesi na kukosea zaidi, hata kama akili yake haijaongeza kasi yoyote. Kuziondoa zamu zilizokosewa hakutoshi, kwa maana vitufe ni viwili na anayebahatisha hupatia takriban nusu ya mara. Hivyo majibu sahihi ya kubahatisha, ambayo kwa kawaida ni ya haraka, yangali ndani ya wastani wako. Ninakusihi usome mfumo wa hesabu aliouweka mwanasaikolojia Roger Ratcliff mwaka 1978, unaouchukulia uamuzi kuwa ni ushahidi unaokusanywa kidogo kidogo hadi kufikia kizingiti. Mfumo huo hutumia majibu sahihi na yaliyokosewa kwa pamoja, na hutenganisha kasi ya kukusanya ushahidi na tahadhari ya mhusika, jambo ambalo ndilo kiini cha swali lako.

Mchangiaji wa pili
Mimi nijibu la kufuta. Hata kubonyeza kitufe kimoja tu mwanga unapotokea huchukua takriban milisekunde 200, kwa hiyo aliyejibu kwa 60 alibonyeza kabla hajauona mshale. Ile chafya nayo, ukipiga hesabu, imeongeza takriban milisekunde 44 kwenye wastani wa mshiriki huyo katika hali husika, kiasi kinachozidi tofauti yote ya 35 unayotaka kuieleza. Data za muda huwa na mkia mrefu upande wa kuchelewa, kwa kuwa wepesi una kikomo na uchelewaji hauna, ndiyo maana ninapendelea kuripoti pia thamani ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati zamu zikipangwa kuanzia ya haraka hadi ya polepole. Futa, lakini kwa kanuni moja kwa hali zote mbili, iliyowekwa kabla ya kutazama matokeo, kisha utaje ni zamu ngapi zimeondolewa.

Mchangiaji wa tatu
Mkuu, mimi nimekwama kwenye maneno yako "katika ukimya kwanza". Je, wote walianza na ukimya? Donders, mwanasayansi wa Uholanzi aliyechapisha mwaka 1868 njia ya kutoa muda wa kazi nyepesi kutoka kwenye muda wa kazi nzito, alitegemea sharti kwamba kazi hizo zinatofautiana kwa jambo moja tu. Hali zako zinatofautiana kwa mawili, yaani kelele na mazoezi, kwa sababu walipofika zamu ya 101 vidole vilikwisha kuzoea.

Mleta mada
Ni kweli, wote 20 walianza na ukimya, na nakiri kwamba sikuliona hilo kabisa. Je, nikilinganisha zamu 20 za mwisho za ukimya na 20 za kwanza za kelele, data itaokoka?

Mchangiaji wa tatu
Ulinganisho huo utapunguza athari ya mazoezi, lakini uchovu na kuchoshwa na kazi bado vitabaki vimechanganyika na kelele, na huenda ndivyo vilivyoongeza makosa. Tafuta washiriki wapya, kwa kuwa hawa wamekwisha zoea, kisha nusu yao waanze na kelele. Tumia kompyuta ileile kwa wote: skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na ukibadilisha mashine katikati ya kazi, ucheleweshaji wake utaingia kwenye tofauti unayoipima.