Mjusi wa Tendaguru ni mmoja? Tujadili

Mleta mada, Lindi

Wakuu, juzi barazani tulibishana tena juu ya mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyefukuliwa huku Lindi na Wajerumani wakati wa ukoloni, arudi au abaki Berlin. Mimi nikauliza swali jingine, nikaambiwa napoteza muda wa watu. Nalileta hapa.

Mifupa ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913. Yule mjusi aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937 si mnyama mmoja: walichukua mifupa ya mmoja, palipopungua wakajazia ya wenzake, na plasta. Mtoto akiona picha anasema "mnyama". Je, pale pana kitu kimoja, au ni sisi tunaounganisha?

Hilo ni swali la metafizikia, falsafa inayouliza vitu ni nini hasa, na jibu tulilozoea ni "inaonekana wazi". Hapo ndipo sayansi ya utambuzi, inayochunguza jinsi akili inavyofanya kazi, inapotubana. Mwaka 1983 wanasaikolojia Philip Kellman na Elizabeth Spelke waliwaonyesha watoto wa miezi 4 kijiti kilichozibwa katikati na kibao. Ncha mbili zikicheza pamoja, watoto waliona kijiti kimoja. Ilijulikanaje? Baadaye, bila kibao, walikodolea zaidi vipande viwili kuliko kijiti kizima, kama waliokutana na kitu kigeni. Kijiti kikitulia, hawakuonyesha tofauti. Yaani kabla hatujajua kutamka "moja", tunayo kanuni: vinavyokwenda pamoja ni kimoja.

Basi "inaonekana wazi" isitoshe kuwa ushahidi. Shahidi mwenye jibu lake tangu kabla ya kesi hatumtegemei barazani.

Fundi mashua, Mikindani

Ndugu, mashua ya baba nimebadilisha mbao mpaka haina hata ubao mmoja wa mwanzo. Ni ileile, na deni lake ni lilelile. Mtoto wa miezi 4 hajui deni. Umoja wa mashua uko kwenye kazi yake na kwa watu wanaoitambua, haupo machoni.

Tena hiyo kanuni unayoishuku, mbona imedumu? Kwa sababu inasema kweli. Papa akikata maji, kichwa na mkia vinakwenda pamoja kwa kuwa ni papa mmoja.

Mleta mada

Fundi, hoja ya papa ni nzito, sikuipima. Lakini dagaa nao huenda pamoja. Ukiwa juu ya mashua unaona doa moja jeusi, unashusha nyavu, kisha unapima kwa ndoo. Kanuni ileile, na safari hii hujapata samaki mmoja. Kwa hiyo inatufaa baharini, ila haituambii lini imepatia na lini imetudanganya. Kwa hilo inabidi tuchunguze kitu chenyewe.

La deni ndilo lililoninyima usingizi. Kama umoja wa kitu unatokana na watu wanaokitambua, basi umoja wa mjusi yule ulitambuliwa Berlin, si Lindi. Sasa tukisema "arudi", tunadai mnyama waliyemuunga wao, au mifupa kama ilivyotoka ardhini Tendaguru, kila mnyama na yake?