Naombeni ushauri: moto ulitukuta hosteli usiku tukiwa tumefungiwa kwa kufuli, tufanye nini kabla haujaja mwingine?

BintiMwambani

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mwanza. Chuo sikitaji na hosteli siitaji, sikuja kumchafua mtu, nimekuja kuomba akili za waliotutangulia.

Tunaishi hosteli ya kupanga nje ya chuo, ya wasichana, ghorofa 3, vitanda 64. Imejengwa mlimani katikati ya mawe kama nyumba nyingi za huku. Ngazi ni moja tu. Chini kuna mlango wa grili unaofungwa kwa kufuli kuanzia saa 5 usiku mpaka alfajiri, ufunguo anakaa nao mlinzi. Madirisha yote yana nondo.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika jioni. Dada mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anachemsha maji kwenye ndoo kwa hita ile ya kuning'iniza. Giza lilipoingia akalala, swichi ameiacha imewashwa. Umeme ukarudi usiku wa manane. Maji yalichemka mpaka yakakauka, ndoo ikayeyuka, moto ukashika pazia, kisha godoro. Mimi niliamshwa na harufu ya plastiki, nikadhani kuna jirani anachoma takataka. Kufungua mlango, nakuta korido nyeusi kuanzia darini mpaka usawa wa kifua changu.

Wenzetu wawili walipambana na moto kwa ndoo za maji mpaka ukazima. Sisi wengine tulikimbilia chini. Mlinzi alifika mbio, wala hakuwa amelala, nasema haki yake. Ila mkononi ana shada la funguo 11, zote zinafanana, na mikono inatetemeka. Nilimmulikia kwa tochi ya simu kupitia kwenye grili. Akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuma yangu watu wanasukuma, mbavu zangu zimebanwa kwenye chuma, na kuna mtu juu ya ngazi anaita mama yake. Ufunguo wa saba ndio uliofungua.

Hakuna aliyekufa. Dada mmoja alilazwa siku 2 kwa sababu ya moshi. Lakini tangu siku ile nikifumba macho nahesabu zile funguo.

Zimamoto niliwapigia 114, simu ikapokelewa, nikaulizwa mko wapi. Nikajibu "hosteli ya wasichana, juu kwenye mawe". Ndicho nilichoweza kusema, na hakikuwasaidia kitu.

Wenzangu wamenichagua niwe kiongozi wa hosteli. Mwenye hosteli tunazungumza naye, ila kufuli amekataa kulitoa kwa sababu mwaka jana wezi waliingia wakabeba laptop 5. Ni kweli waliingia. Chuo nao wanasema hosteli si yao. Tumechanga 180,000. Naombeni mnisaidie: kufuli tulifanyeje, tufanyeje zoezi la kutoka bila kuwatia watu kiwewe, na hizo hela tuanzie wapi? Nawasilisha.

Kishimba wa Igogo

Poleni sana wadogo zangu. Mshukuruni Mungu na huyo mlinzi.

Ukweli Mchungu

Weka hapa jina la hosteli na picha ya hilo kufuli. Hawa wamiliki hawasikii mpaka waanikwe.

BintiMwambani

Asante kaka, nakuelewa. Lakini bado tunalala mle na kodi ya semista nzima tumeshalipa. Akikasirika tutahamia wapi watu 64? Nataka mlango ufunguke kwanza.

Mstaafu wa Zimamoto

Binti yangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, kaa chini nikueleze.

Kwanza moshi. Watu wanaogopa moto, kumbe wengi huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Godoro la sponji likiungua linatoa gesi za sumu, kabonimonoksaidi na sayanaidi, mtu anaishiwa nguvu akiwa bado anatafuta viatu. Uliona moshi umeanzia juu ukaishia kifuani? Hewa ilikuwa pale chini. Ungepiga magoti ukatambaa. Waambie wenzako hivyo, na mjizoeze kweli kutambaa korido ile mmefumba macho, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mpaka kila mtu ajue kutoka chumbani kwake hadi kwenye ngazi kuna milango mingapi.

Pili, na hapa nitasema sana kwa sababu wengi hawalijui: aliyetoka kwenye chumba kinachoungua alifunga mlango? Nina hakika aliuacha wazi, ndiyo maana korido nzima ikajaa. Mlango wa mbao wa kawaida ukifungwa unazuia moshi kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo za kushusha watu ngazi moja. Ukitoka, vuta mlango nyuma yako. Usifunge kwa ufunguo, rudishia tu. Na kabla hujafungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usifungue. Lowesha khanga uzibe upenyo wa chini, nenda dirishani, washa tochi, piga kelele.

Tatu, wale mabinti wawili ni mashujaa lakini wameponea chupuchupu. Maji kwenye moto wa umeme yangeweza kuwaua. Kwanza inazimwa swichi kubwa. Je, mnajua iko wapi, na haijafungiwa ndani ya ofisi?

Hela zenu: nunueni mtungi mmoja wa unga mkavu wa kilo 6, muuweke karibu na ngazi, usiwekwe ndani ya chumba cha mtu. Unachomoa pini, unaelekeza kwenye shina la moto, unabana mkono, unafagia kushoto na kulia. Mshale wa kipimo uwe kwenye kijani. Unga wake hauchukui hata nusu dakika kwisha, kwa hiyo ni wa moto mdogo tu. Moto ukishafika darini, achana nao, tokeni.

Kuhusu simu ya 114. Andikeni kwenye karatasi maneno ya kusema, mbandike ukutani: mtaa, barabara ya lami iliyo karibu, jengo linalojulikana na kila mtu, na gari linaweza kufika mpaka wapi. Kwenye milima yetu gari kubwa linakwama kwenye kona kati ya mawe mawili, basi semeni mapema kwamba kuanzia hapo ni kwa miguu. Na mtu mmoja, aliyepangwa kabla, ashuke mpaka kwenye lami kulipokea gari. Nendeni ofisi ya Zimamoto mkaombe waje wakague na wawape elimu, ni kazi yao kwa sheria ya mwaka 2007. Waje waitembee njia hiyo mchana.

Fundi Umeme Mabatini

Naongezea kwa mzee hapo juu. Hita za ndoo sizipendi hata kidogo, lakini najua mtaendelea kuzitumia kwa sababu maji ya alfajiri ni ya baridi. Basi liwe sharti: umeme ukikatika, kila mtu anachomoa hita, pasi na jiko. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Na ekstensheni moja isibebe jiko, hita na chaji za watu wanne. Ukigusa plagi ukakuta ina joto, hiyo ni dalili.

Mama Mwenye Vyumba

Mimi ni mwenye nyumba, nina wapangaji wanafunzi 22, sitaki kumlaumu mwenzangu. Wezi wapo. Mimi mwenyewe walinisafisha. Ila mume wangu alisema neno moja likanikaa: kufuli tumeliweka kwa ajili ya mwizi, lakini wanaolala nalo ni watoto wa watu.

Nilimwita fundi wa kuchomelea. Akaweka komeo kubwa kwa ndani, halina ufunguo, unavuta tu. Kisha akachomea bati kwenye grili, kama mita moja kwa kila upande wa komeo, ili mtu wa nje asipitishe mkono. Mlinzi nikampa kiti hapo hapo mlangoni. Mwizi akitaka kuingia anakuta chuma, mtoto akitaka kutoka anavuta komeo. Mpelekee mwenye hosteli wazo hili, mwambie na gharama mtachangia. Usimwendee na neno "toa kufuli". Mwendee na neno "tubadilishe kifungio". Sisi wenye nyumba tukisikia kutoa tunaona wezi mbele yetu.

BintiMwambani

Mama, nimesoma hapa mpaka machozi yamenitoka. Kesho namwendea.

Mzee wa Igoma

Wajukuu zangu, naishi karibu na makaburi ya wale wa MV Bukoba. Ilikuwa Mei 21, 1996, meli ikitoka Bukoba kuja hapa, ikazama ikiwa imekaribia kabisa kufika. Walikufa zaidi ya watu 800. Nawaambia jambo moja tu katika yale mengi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Nilisimama na watu waliokuja kuuliza ndugu zao, na hakukuwa na karatasi ya kuwajibu alikuwemo au hakuwemo.

Sasa nyinyi, usiku ule mliposimama nje, nani alihesabu?

BintiMwambani

Hakuna aliyehesabu, babu. Tulikuwa tunaitana majina tu.

Mdau wa Chuo

Swali la mzee ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya kubebana. Wote tuliopita chuo tunajua: kitanda ni cha mtu mmoja, kinalaliwa na wawili kwa sababu mwenzako hana hela ya hosteli. Aliyebebwa hayupo kwenye daftari la mtu yeyote. Moto ukitokea, orodha inasema 64, mnahesabu 64, mnashangilia, kumbe wa 65 yuko ndani. Dada, hapa itabidi uwe na daftari lako mwenyewe, mwenye hosteli asilione, na usimwadhibu mtu kwa kuandika mgeni wake. Ukianza kuwakemea watayaficha majina.

Kuhusu zoezi la kutoka: TANGAZENI KABLA. Novemba 30, 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi walifanya zoezi la kujihami na magaidi, milio ya risasi ikasikika, na watu wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na makumi waliumia. Ilikuwa miezi michache tu baada ya magaidi kuvamia Chuo Kikuu cha Garissa, huko huko Kenya, ambako waliuawa watu 148, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hofu mwilini. Nyinyi pia mna hofu mwilini. Siku, saa na ishara vijulikane. Mara ya kwanza mfanye mchana, mkitembea, bila kukimbia.

Dada wa Nyamanoro

Na yule anayeishi ghorofa ya tatu na mguu unamsumbua? Hosteli nyingi ana kitanda juu kwa sababu chini ni ghali. Mpangieni mtu wa kumshika mkono, ajulikane kwa jina.

BintiMwambani

Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya siku 12. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na majaribio.

Mwenye hosteli nilimwendea kwa maneno ya Mama Mwenye Vyumba, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza hilo bati linakuwa na unene gani. Nikajua amekubali. Fundi wa kuchomelea ameshapima, anakuja Jumamosi. Tumechangia 60,000, nyingine analipa yeye. Kwa sasa mlinzi ameutoa ufunguo wa grili kwenye lile shada, ameufunga kitambaa chekundu, anauvaa shingoni.

Swichi kubwa tumeikuta ndani ya stoo iliyofungwa. Stoo sasa haifungwi.

Zimamoto walikuja watu wawili, wakapanda njia yetu kwa miguu. Gari linaishia kwenye mwembe, hatua 140 kutoka mlangoni kwetu, nimezihesabu mwenyewe. Karatasi ya 114 imebandikwa kila ghorofa, na mwembe umeandikwa.

Zoezi tulifanya Jumapili saa 10 jioni, tumetangaza siku 3 kabla. Mara ya kwanza tulitumia dakika 4 na nusu, wengine walirudi kuchukua simu. Tulipanda tena, tukashuka kwa dakika 2 na sekunde 20. Dada wa ghorofa ya tatu mwenye mguu unaomsumbua amebadilishana chumba na mwenzetu wa chini, sasa yuko karibu na mlango.

Halafu tukahesabu. Orodha ya mwenye hosteli ina majina 64. Waliosimama chini ya mwembe walikuwa 71.

Nikafungua daftari langu, nikawaambia wale 7 waje mmoja mmoja, sitauliza mtu analala kwa nani. Watano waliandika majina yao jioni ile ile. Wawili bado. Mmoja wao nimemwona leo asubuhi anateka maji, akageuza uso. Mdau wa Chuo, nimwendeeje huyu?

Mdau wa Chuo

Usimwendee na daftari. Mwulize kwanza kama amekula, daftari liache chumbani.