Naomba ushauri: Kongamano la mtandaoni kutoka Mwanza, watu wa visiwani na wenye ulemavu washiriki kweli, siyo kwa jina tu

Mwaloni_Igombe
Wakuu, habari za muda huu. Niko kwenye kamati ya kongamano la kitaaluma kuhusu uvuvi na maji ya Ziwa Victoria. Ni siku mbili, kwa muda wa saa sita kila siku, lote mtandaoni, linaendeshwa kutoka hapa Mwanza. Tunatarajia watafiti wa Kisumu, Jinja, Bujumbura na wachache wa Ulaya. Tumealika pia viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo) wa visiwa vya Ukerewe na Ukara, wanafunzi, viziwi wawili (mmoja Mtanzania, mmoja Mkenya), na mtafiti asiyeona ambaye anawasilisha mada. Zoom ya kulipia ipo. Hela ya wakalimani ipo ila si nene. Nianzie wapi, na ni mambo gani huharibika huku kamati inadhani yako sawa?

BandoLaJioni
Anza na bando, mkuu. Piga hesabu hivi: sauti pekee ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Kwa saa zako 12, wa sauti anatumia takriban MB 350, wa video GB 5.4. Mwanafunzi au kiongozi wa BMU hatachoma GB tano kwa hela yake.

Kwa hiyo: video za washiriki zizimwe, abaki mtoa mada tu. Bando lirushwe kwenye namba ya mtu siku moja kabla, msiseme "utarudishiwa ukileta risiti". Asiye na hela leo hiyo risiti hana. Na mumuulize anatumia mtandao gani. Unaoshika vizuri Nyegezi hapo Mwanza si lazima ushike Ukara.

Mada zirekodiwe mapema kwa 480p, kilobiti 500 kwa sekunde pamoja na sauti. Dakika 10 inakuwa kama MB 38, inatumwa kwa WhatsApp. Muda wa moja kwa moja ubaki wa maswali.

Alama_Tupu
Hapo kwenye kuzima video nakupinga. Kwa kiziwi, video ya mkalimani ndiyo sauti yenyewe. Mtandao ukiyumba, sauti hukwaruza lakini inaeleweka. Mkono ukiganda sekunde tatu sentensi imepotea. Zimeni video za wengine wote, ya mkalimani isiguswe, na hao viziwi wawili wapewe bando la video. Kugawa bando sawa kwa kila mtu hapa ni kuwapunja.

Halafu jambo ambalo kamati nyingi huliruka: Lugha ya Alama ya Tanzania na ya Kenya ni lugha mbili. Muulize Mkenya mapema anaelewa ipi. Msimkisie kwa sababu ni "jirani tu". Kila lugha iwe na wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hivi. Mmoja peke yake kwa saa sita ataanza kuruka maneno kabla ya mchana. Slaidi na orodha ya istilahi wazipate wiki moja kabla. Ukimtupia mkalimani furu, gugu maji na majina ya kisayansi papo hapo atabaki kutamka herufi kwa vidole.

Mwanga uwe mbele ya mkalimani, nguo ya rangi moja tofauti na ngozi yake. Kwenye simu, slaidi zikifunguka dirisha lake husinyaa, kwa hiyo kiziwi atumie kompyuta, au simu ya pili kwa ajili ya mkalimani tu.

Mkalimani_wa_Ziwa
Naongezea upande wa sauti. Kama mtakuwa na Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kwa ajili ya Bujumbura, kumbukeni kwamba kwenye Zoom aliyepiga simu ya kawaida kuingia kikaoni husikia sauti ya asili tu, hapati ya mkalimani. Rekodi ya kwenye wingu nayo hubeba sauti ya asili tu. Mkitaka rekodi ya Kiswahili, weka mtu kwenye kompyuta nyingine, achague Kiswahili, arekodi humo humo kwenye mashine yake.

Saa_Tisa_Kamili
Muda. Anzeni saa 9 alasiri. Bujumbura watakuwa saa 8, Kisumu na Jinja sawa na sisi, Berlin kipindi cha kiangazi saa 8 mchana. Ila kwenye tangazo andikeni "saa 9 alasiri, 15:00, UTC+3". Mkiandika "9:00" peke yake nusu ya watu wataingia saa tatu asubuhi.

Asubuhi ni mbaya hata bila mambo ya Ulaya. Waanika dagaa, wengi wao akina mama, wako mwaloni. Na wavuvi wa dagaa hutegemea giza, taa hazivuti samaki vizuri penye mbalamwezi. Pangeni wiki ya mwezi mpevu, ndipo viongozi wa BMU wanapumzika. Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi Wasabato hawapo, na kanda hii ni wengi. Jumanne na Jumatano hazina ugomvi na mtu.

Kisomaji
Kuhusu asiyeona: skrini mnayoshirikisha kwake ni picha tupu. Kisomaji skrini (programu inayomsomea kwa sauti, kama NVDA ya kompyuta au TalkBack ya simu) hakisomi slaidi iliyo ndani ya Zoom. Atumiwe mafaili halisi kabla, siyo PDF iliyopigwa skana. Kila grafu iwe na maelezo ya maneno, na watoa mada waache "kama mnavyoona hapa". Waseme "mstari wa sangara unashuka, wa sato unapanda".

Gumzo la maandishi lizuiwe mtu anapozungumza, maana kisomaji husoma kila ujumbe juu ya sauti ya mtoa mada. Maswali yaende kwa mratibu mmoja, naye ayasome kwa sauti. Mtafiti asiyeona akiwasilisha, avae visikilizi ili sauti ya kisomaji isiingie kwenye maiki, na msaidizi asogeze slaidi kwa neno waliloafikiana.

Ukerewe kuna watu wengi wenye ualbino, na uoni hafifu huendana nao. Maandishi pointi 24 kwenda juu, uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1. Njano juu ya nyeupe, hapana.

Mwaloni_Igombe
Asanteni sana wakuu. Je, tukiweka kituo Nansio kule Ukerewe, ukumbi mmoja na projekta, watu wa BMU wakakaa pamoja?

BandoLaJioni
Inafaa, na inaokoa bando. Kompyuta moja tu iwe na sauti. Ya pili ikifungua spika mtapata mwangwi wa kutesa. Laini za mitandao miwili, na UPS ndogo (betri ya akiba) kwa ajili ya ruta, maana umeme ukikatika kompyuta mpakato itaendelea na ruta itazima. Spika ijaribiwe watu wakiwa wamejaa, ukumbi mtupu hudanganya.

Saa_Tisa_Kamili
Na pale Nansio awepo mtu wa kupokea maswali kwa Kiswahili, hata kwa mdomo. Mwenyekiti aanze na swali la kituo kabla ya maprofesa. Wakianza wao, muda umekwisha.