"Ghoul" kwa Kiswahili: zimwi, mwanga au ghuli?

Mama Mfasiri, Umoja
Hamjambo wenzangu. Natafsiri hadithi za kutisha za vijana na tangu Jumatatu neno moja limenikwamisha: "ghoul", yule pepo wa Waingereza anayefukua makaburi na kula maiti. Kwanza niliandika "zimwi". Nikamsomea binti yangu wa gredi ya sita tukingoja ugali uive, akanikatiza: "Mama, si zimwi ndilo lile lililomtia msichana kwenye ngoma?" Nikaona kweli kasema. Zimwi la ngano zetu humtaka mtu aliye hai, makaburini lina kazi gani? Nikaweka "jini", nikafuta. Neno lenyewe nalisikia kama lina Kiarabu ndani yake. Mwenye kujua asili yake anisaidie, tafadhali.

Maalim wa Pumwani
Mwanangu, sikio lako halikukudanganya. Ni *ghul*, wingi wake *ghilan*, kutokana na kitenzi *ghala*: kunyakua ghafla, kuangamiza. Mzizi huohuo umezaa *ightiyal*, mauaji ya kuvizia. Na katika Sura ya As-Saffat, aya ya 47, kinywaji cha peponi kinasifiwa kuwa hakina *ghaul*, yaani madhara. Kaburi halimo kabisa katika mzizi huo.

Ghul wa Waarabu wa kale ni wa jangwani, na aghalabu ni jike. Humtokea msafiri usiku kwa sura ya mwanamke mzuri, akampoteza njia, akamla. Lakini ajigeuze atakavyo, miguu hubaki ya punda. Mshairi Ta'abbata Sharran, kabla ya Uislamu, alijigamba kwa beti kwamba amemuua mmoja. Kisha ikaja hadithi ya Mtume iliyomo katika Sahih Muslim: "la ghul", hakuna ghul. Wanazuoni wakajadiliana, je, anayekanushwa ni yeye mwenyewe au ni kule kujigeuza kwake?

Hayo makaburi yalipata umaarufu kupitia Paris. Antoine Galland alitoa Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa kuanzia 1704 hadi 1717, na humo mna kisa cha Sidi Nouman. Mkewe, Amina, wali ukipakuliwa huokota punje mojamoja kwa kifaa kama cha kuchokolea masikio. Mume anashangaa mtu huyu anaishi kwa nini. Usiku mmoja anamnyemelea, anamkuta makaburini na ghul, maiti imefukuliwa, wanaila pamoja. Mwaka 1786 William Beckford akawatia viumbe hao katika riwaya yake Vathek, na Waingereza wakabaki na huyo wa makaburini.

Tahadhari moja: usilihusishe na "ghulamu", kijana wa kiume. Huo ni mzizi mwingine.

Mjukuu wa Lamu
Dada, kwa nini usiandike "mwanga"? Bibi alituambia wanga hucheza makaburini usiku na kufukua waliozikwa juzi. Msomaji ataelewa mara moja.

Mtazama Nyota, Kayole
Mkitaka kumwona ghul, pandeni juu ya paa jioni ya Desemba, mtazame kaskazini. Nyota iitwayo Algol ni *ra's al-ghul*, kichwa cha ghul. Kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi hufifia kwa saa kadhaa, halafu hurudi kung'aa. Ni nyota mbili zinazozungukana, na ile hafifu hupita mbele ya ile angavu.

Mama Mfasiri, Umoja
Maalim, Mungu akuzidishie. Nimeisoma mara tatu.

Ndugu yangu wa Lamu, "mwanga" nililifikiria, na ndilo linalonitia hofu. Mwanga ni mtu. Ana jina, ana nyumba, watu wanamjua. Nchi hii wazee wameuawa Kilifi na Kisii kwa kuitwa wachawi. Sitampa mtoto neno la kwenda kumbandika bibi kizee wa jirani kwa sababu tu macho yake ni mekundu. Kiumbe wa hadithi abaki kiumbe wa hadithi.

Kwa hiyo nimeamua "ghuli", na ile miguu namrudishia. Ukurasa wa kwanza sasa unasema: "Ghuli alikuwa ameketi juu ya kaburi, kwato zake za punda amezificha chini ya kanga." Binti yangu ameshauliza kama kwato hizo zinasikika akitembea kwenye lami. Maalim, kama hiyo *i* ya mwisho haikai vizuri, niambie kabla ya Ijumaa.