MREJESHO: MAFFT iliyokuwa inajaza mapengo na kukatika katikati

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini MAFFT (programu ya kupanga mifuatano sambamba ili ilinganishwe) inajaza mapengo kwenye baadhi ya mifuatano yangu ya DNA, na kwa nini inakatika kabla ya kumaliza faili kubwa. Asanteni sana mlioitikia.

Aliyesema baadhi ya mifuatano imesomwa kutoka uzi wa pili wa DNA, yaani kinyume na mingine, alipatia kabisa. Niliongeza chaguo la --adjustdirection kwenye amri, programu ikaigeuza yenyewe, mapengo yale ya ajabu yakaisha. Angalizo kwa watakaofuata: kila uliogeuzwa hubandikwa _R_ mwanzoni mwa jina. Programu ya kuchora mti wa nasaba ikilalamika kwamba majina hayalingani na jedwali lako, anzia hapo. Mimi niliifuta hiyo _R_ kwa sed (amri ya kuhariri maandishi).

Kuhusu kukatika, L-INS-i (njia ya MAFFT yenye usahihi mkubwa lakini nzito) ndiyo iliyokuwa inamaliza RAM. Kupunguza --thread (idadi ya nyuzi za kichakataji) hakukusaidia kitu. Nilihamia FFT-NS-2, njia yake nyepesi zaidi (--retree 2 --maxiterate 0), ikamaliza bila shida, ingawa usahihi wake ni mdogo kuliko wa L-INS-i.

Mfuatano mmoja uligoma kukaa na wenzake hata ulipogeuzwa. Nikaupitisha BLAST (zana ya kutafuta mifuatano inayofanana kwenye hifadhidata): ni wa bakteria! Nimeuondoa.