Mjadala: Viyoyozi vya propani vianze kufungwa sasa, au tupitie kwanza kwenye R-32?

Hoja ninayoiweka mbele yenu inahusu viyoyozi vya vyumba, vile vya ukutani vya BTU 9,000 hadi 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) vinavyofungwa majumbani, madukani, katika zahanati na ofisi ndogo, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Kampala na Kigali. Vingi kati ya vilivyopo vinatumia gesi ya kupozea ya R-410A, vya zamani zaidi bado vina R-22, na vipya vinazidi kuja na R-32. Swali ni kama serikali za Afrika Mashariki zihimize, kwa kodi na kwa viwango vya ubora, kuhamia moja kwa moja kwenye vipozeo vya asili, hasa propani ambayo mafundi wanaijua kwa namba R-290, au zikubali R-32 iwe kituo cha katikati kwa miaka mingi ijayo. Mimi nashikilia msimamo wa kwanza, ingawa nakiri kwamba wanaoupinga wana hoja nzito, tena inayogusa usalama wa watu.

Hoja yao ni kwamba propani inawaka. Ni gesi ileile ambayo, ikichanganywa na butani, imo kwenye mitungi ya kupikia. Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine, hawana leseni wala vyeti, na kuwakabidhi gesi inayoshika moto haraka ni kutafuta maafa. Afadhali, wanasema, tuchukue R-32, ambayo huwaka kwa shida, inapatikana madukani, na inapunguza madhara kwa karibu theluthi mbili ikilinganishwa na R-410A.

Kwanza tuyapime madhara yenyewe. Kilo moja ya R-410A ikifika angani huongeza joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba hubeba gesi ya karibu kilo moja. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo kiyoyozi kimoja kikipoteza gesi yake yote ni sawa na kuchoma lita 900 za petroli. R-22 ina kipimo cha 1,810, na juu ya hapo inaharibu tabaka la ozoni. R-32 ina 675. Propani haifiki hata 5.

Sasa tuangalie gesi hiyo inaishia wapi. Fundi amepanda kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, Kariakoo, kuhamisha kiyoyozi. Kwa utaratibu angefunga vali ya kimiminika, akaiacha kompresa ivute gesi yote irudi kwenye mashine ya nje, kisha akafunga vali ya pili. Lakini umeme umekatika, au kompresa ndiyo iliyokufa, na mashine ya kufyonza gesi hana kwa sababu bei yake haiendani na kipato chake. Analegeza nati kwa spana, gesi inatoka kwa kishindo, mafuta yanarukia ukutani, bomba linashika barafu nyembamba, na baada ya muda mfupi kazi inaendelea. Simlaumu fundi huyo, kwa kuwa hakuna aliyemlipa kuifyonza ile gesi, na hata angeifyonza, katika miji yetu mingi hakuna pa kuipeleka.

Kwa maoni yangu, sera ya gesi lazima ianzie hapo kibarazani. Nchi zenye mitambo ya kusafisha na kuteketeza gesi kuukuu zinaweza kuandika sheria inayodhani kwamba gesi itarudi kwenye mtungi. Sisi tuchague gesi tukijua kwamba sehemu yake kubwa, mapema au baadaye, itaishia hewani, na kwa hiyo tuchague ile ambayo ikifika huko haina madhara ya kutisha.

Wapo wanaosema kwamba gesi ni jambo dogo na kwamba kikubwa ni umeme unaoliwa na viyoyozi. Kwa nchi inayochoma makaa ya mawe hoja hiyo ina nguvu. Lakini Kenya inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na Tanzania imejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo gesi inayovuja inavyobeba sehemu kubwa zaidi ya madhara ya kiyoyozi kile kile. Kwetu sisi, basi, uchaguzi wa gesi una uzito kuliko ulivyo katika nchi nyingi tajiri.

Nirudi kwenye moto, maana hapo ndipo ulipo ubishi wenyewe. Kiyoyozi cha propani cha BTU 9,000 au 12,000 hubeba kama gramu 300, chini ya nusu ya gesi ambayo kingehitaji kama kingekuwa cha R-410A. Propani hushika moto inapofikia karibu gramu 38 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye dari ya mita 2.8 kina zaidi ya mita za ujazo 33. Gramu zote 300 zikivujia humo na kuenea sawasawa, zitafika gramu 9 kwa kila mita ya ujazo, yaani robo tu ya kiwango cha kuwaka. Katika nyumba hiyo hiyo, jikoni mna mtungi wa kilo 6 au 15, umeunganishwa kwa mpira na klipu, hatua chache kutoka kwenye moto wenyewe, na jamii yetu imejifunza kuishi nao, tena serikali zinahimiza utumike zaidi ili watu waache mkaa.

Hata hivyo hesabu hiyo haimalizi jambo, na anayeitumia peke yake anapotosha. Propani ni nzito kuliko hewa, hivyo haienei sawasawa bali hutulia chini, karibu na sakafu, ambako kuna soketi na nyaya za kurefushia umeme. Propani ya kiyoyozi haitiwi harufu kama ile ya kupikia, kwa hiyo pua haitamwonya aliyelala chumbani. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-40, ambacho toleo lake la mwaka 2022 liliongeza kiasi cha gesi kinachoruhusiwa, kinafungamanisha kiasi hicho na ukubwa wa chumba pamoja na namna mashine ilivyoundwa na kufungwa. Chumba kikiwa kidogo mno kwa gesi iliyomo, mashine hiyo haistahili kufungwa humo, hata mteja akisisitiza.

Ninachokihofu mimi zaidi ya kiyoyozi kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya propani ni tabia ya kujaza propani kwenye kiyoyozi cha zamani cha R-22. Presha za gesi hizo mbili zinakaribiana, kompresa inaendelea kuzunguka, baridi inatoka, mteja analipa kidogo na anafurahi. Lakini relei na swichi za mashine ile hazikutengenezwa zisitoe cheche mbele ya gesi inayowaka, kibati chake bado kinasema R-22, na fundi atakayekuja mwakani ataelekeza moto wa kuchomelea kwenye bomba akiamini kwamba ndani hamna kitu cha kuwaka. Wako hata wanaotumia gesi ya mtungi wa jikoni, ambayo mchanganyiko wake haujulikani na ambayo haikukaushwa wala kusafishwa kwa kazi hiyo. Jambo hili lipigwe marufuku kwa maneno yasiyo na utata, na wanaotetea propani ndio wawe wa kwanza kulipinga.

Kuna ushahidi ulio karibu nasi ambao mara nyingi hautajwi. Mwenye friji iliyonunuliwa mpya miaka ya karibuni aangalie kompresa kule nyuma: mara nyingi ataona maandishi R600a na pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Hiyo ni isobutani, ndugu wa propani. Friji za namna hiyo zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1993, baada ya shirika la mazingira la Greenpeace kushirikiana na kiwanda cha Foron, wakati ambapo viwanda vikubwa vilidai kwamba zingelipua nyumba. Leo ndizo za kawaida katika sehemu kubwa ya dunia, na mafundi wetu wanazitengeneza kila siku, ingawa wengi wao hawakufundishwa rasmi. Kiasi cha gesi ni kidogo zaidi, makumi ya gramu tu, kwa hiyo sisemi kwamba friji na kiyoyozi ni kitu kimoja. Ila hofu ya jumla, kwamba gesi inayowaka haiwezi kamwe kuingia nyumbani, ilikwisha kujibiwa.

Kuhusu R-32 kuwa kituo cha katikati, kalenda haituungi mkono. Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa tarehe 15 Oktoba 2016 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, yanayataka mataifa ya kundi letu la nchi zinazoendelea yasiongeze matumizi ya HFC, yaani familia ya gesi za kupozea ambamo R-410A imo, kuanzia 2024, kisha yapunguze asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045. R-32 ni HFC, na inahesabiwa humo. Kiyoyozi kinachofungwa leo kinaweza kudumu miaka kumi na zaidi, kikihitaji kuongezwa gesi ambayo mgawo wake unabanwa. R-22 imetuonyesha njia hiyo: mafundi waliofunzwa kuitumia walilazimika kununua geji na mabomba mapya kwa ajili ya R-410A, sasa wanaambiwa wajipange kwa R-32, na baadaye wataambiwa tena. Gharama hizo anazibeba fundi na mteja wake, wala si kiwanda kilichobadilisha gesi.

Hali ya hewa ya pwani nayo iko upande wa propani. Kila gesi ina kikomo cha joto ambacho ikikivuka haigeuki tena kuwa kimiminika hata ikibanwa vipi, na kadiri mashine inavyofanya kazi karibu na kikomo hicho ndivyo inavyopoteza nguvu. Kwa R-410A kikomo ni nyuzi 71 hivi, kwa propani ni karibu 97. Mashine ya nje iliyobanwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la Januari inaihisi tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo kabonidioksaidi, yaani hewa ukaa, ambayo nayo hutumika kama kipozeo lakini ina kikomo cha nyuzi 31, si jibu rahisi kwa viyoyozi vyetu.

Siitetei propani kila mahali. Katika hoteli kubwa ambako bomba moja refu lenye kilo nyingi za gesi hupita vyumbani, isiingizwe. Huko mitambo ikae juu ya paa na kupeleka maji baridi chini. Viwanda vikubwa vya barafu na vya kugandisha samaki vina amonia, ambayo ni sumu na inahitaji waendeshaji waliofunzwa, lakini teknolojia yake ni ya zaidi ya karne moja na inaeleweka vizuri.

Upatikanaji ndio ugumu ninaoukubali bila masharti. Viyoyozi vya R-290 ni adimu madukani kwetu, ingawa kampuni ya Godrej ya India imekuwa ikivitengeneza tangu 2012. Muagizaji haleti asichoulizwa, na mteja haulizi asichokijua. Wakati huo huo Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2024, unafunga soko lake hatua kwa hatua kwa mashine ndogo za HFC, na mashine zilizokosa soko huko zitatafuta bandari nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa forodha wa pamoja. Kushusha ushuru wa R-290 na kuzuia viyoyozi vilivyotumika ni hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Sambamba na hilo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, na vyuo vya Kenya, Uganda na Rwanda vitoe leseni ya gesi zinazowaka, na duka lisimuuzie mtungi wa R-290 fundi asiye nayo.

Naomba mafundi waliokwisha kufunga mashine hizi watueleze walichokutana nacho, hasa walivyokagua uvujaji bila kifaa cha bei kubwa. Na anayetaka tusubiri kwenye R-32 atueleze gesi ya kuongezea viyoyozi hivyo mwaka 2040 itatoka wapi, na kwa bei ya nani.